Kumwajiri mgeni Tanzania Bara: kibali cha kazi, kibali cha ukaazi na yanayokwamisha maombi

Mgeni anayekuja kufanya kazi Tanzania Bara anahitaji vibali viwili, na kila kimoja kina ofisi yake. Kibali cha kazi hutolewa na Kamishna wa Kazi, aliye chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, kwa mujibu wa Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni, Na. 1 ya mwaka 2015. Kibali cha ukaazi hutolewa na Idara ya Uhamiaji kwa Sheria ya Uhamiaji, Sura ya 54. Cha kazi hutangulia, na bila hicho Uhamiaji hawatoi cha ukaazi cha ajira. Viza ya kutembea haimruhusu mtu kushika bisibisi kiwandani wala kukaa mezani ofisini, hata kama mshahara wake unalipwa nje ya nchi.

Anayemwajiri mgeni asiye na kibali cha kazi anatenda kosa, na mgeni mwenyewe pia. Adhabu iliyo kwenye sheria ya 2015 ni faini isiyopungua shilingi milioni 10, au kifungo kisichopungua miaka 2, au vyote viwili. Kwa hiyo hesabu ya "aanze kwanza, vibali vitafuata" ni mbaya tangu mwanzo. Ukiona mradi unakuharakisha, harakisha makaratasi na umwache mtu asubiri kwao.

Anza na nafasi, usianze na mtu

Maombi mengi hukwama kwa sababu mwajiri ameshampata mtu anayemtaka, kisha anaanza kutafuta nafasi ya kumweka. Kamishna wa Kazi huangalia kwa mpangilio wa kinyume. Kwanza anauliza: kazi hii ni ipi, na kwa nini hakupatikana Mtanzania wa kuifanya? Pili: Mtanzania gani ataichukua mgeni akiondoka? Sifa za mgeni huja baada ya hapo. Ombi lisilojibu maswali hayo mawili haliokolewi na shahada nzuri wala barua yenye muhuri mkubwa.

Chukua mfano wa kiwanda kilichonunua mtambo mpya wa kutengeneza chupa za plastiki. Kuandika kwamba unahitaji "Meneja Ufundi" hakutoshi, maana mameneja ufundi wa Kitanzania wapo wengi. Andika mtambo ni wa aina gani, umefungwa lini, unaendeshwa na mfumo gani wa kudhibiti, hitilafu zake hutatuliwaje, na ni ujuzi upi hasa ambao mafundi wako wa sasa hawana. Kadiri kazi inavyoelezwa kwa undani, ndivyo afisa anavyopata kitu cha kupima. Nafasi za jumla kama rasilimali watu, manunuzi, uhasibu wa kawaida, stoo, udereva na mapokezi ni ngumu mno kutetea, na kwa maoni yetu si haki kuziombea mgeni: wenye uwezo wa kuzifanya wanatafuta kazi kila siku.

Ambatanisha chati ya muundo wa kampuni inayoonyesha nafasi hiyo iko wapi, anaripoti kwa nani, na walio chini yake ni akina nani. Chati inayoonyesha wageni kwenye kila kiti cha juu na Watanzania chini tupu huibua maswali hata kabla barua haijasomwa.

Madaraja ya kibali cha kazi

Daraja A ni la mwekezaji au mtu anayejiajiri mwenyewe. Daraja B ni la fani zilizotajwa: tiba na afya, mafuta na gesi, na ualimu na uhadhiri wa sayansi na hisabati. Daraja C ni la fani nyingine zote, na waajiri wengi wa kawaida huangukia hapo. Fundi wetu wa mtambo wa chupa ni wa C. Daraja D ni la shughuli za dini na hisani zilizosajiliwa. Daraja E ni la wakimbizi.

Ada zilizozoeleka ni dola 1,000 za Marekani kwa A na C, na dola 500 kwa B na D. Daraja E halina ada. Mtu asikuambie umwombee mhasibu Daraja B ili ulipe nusu. Ombi litarudishwa, nawe utakuwa umepoteza wiki kadhaa. Kiasi cha kulipa thibitisha kwenye mfumo siku unayoomba, kwani ada hubadilishwa kwa kanuni.

Kuna jambo la Daraja A ambalo lazima lijulikane. Amri iliyotangazwa Julai 2025 chini ya Sheria ya Leseni za Biashara ilizuia wasio raia kufanya biashara 15, zikiwemo za jumla na rejareja (isipokuwa supamaketi na vituo maalumu vya jumla), uwakala wa fedha kwa simu, ufundi simu, saluni zisizo za hotelini au kwa ajili ya utalii, uongozaji watalii, udalali wa nyumba na viwanja, uchimbaji mdogo, na ununuzi wa mazao shambani. Mgeni anayekamatwa akizifanya hukabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 10, kifungo kisichozidi miezi 6, na kufutiwa viza na kibali cha ukaazi. Raia anayemsaidia naye ana adhabu yake: faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi 3. Kumfungulia mgeni duka kwa jina lako ni kujiingiza hapo moja kwa moja.

Kuthibitisha kwamba ulitafuta Mtanzania

Sheria inamtaka Kamishna ajiridhishe kwamba juhudi za kumpata mtaalamu wa ndani zilifanyika kweli. Juhudi hizo huonekana kwa karatasi. Tangaza nafasi kwenye gazeti linalosomwa nchi nzima, au kwenye tovuti ya ajira inayojulikana, na uipeleke pia TaESA, huduma ya ajira ya serikali. Acha tangazo kwa muda unaomwezesha mtu wa Kigoma au Mtwara kuliona na kutuma maombi. Siku tatu ni maigizo.

Kisha weka kila kitu: ukurasa wa gazeti wenye tarehe, orodha ya walioomba, walioitwa kwenye usaili, alama za kila mmoja, na sababu ya kutomchukua kila aliyekataliwa. Sababu iandikwe kwa kulinganisha na sifa zilizotangazwa. "Hakufaa" si sababu. "Ana uzoefu wa mitambo ya kujaza vinywaji, hana uzoefu wa mitambo ya kupuliza chupa" ni sababu.

Jihadhari na tangazo lililoshonwa kwa kipimo cha mtu mmoja. Kudai ufasaha wa Kichina, Kituruki au Kihindi kwa kazi ambayo haihitaji lugha hiyo ni njia inayotambulika upesi. Lugha ikihitajika kweli, kwa mfano kwa sababu miongozo ya mtambo na wataalamu wa mtengenezaji wanatumia lugha moja tu, lieleze hilo kwenye maelezo ya kazi na ulithibitishe.

Mpango wa kurithisha ujuzi

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndipo waajiri wanapokuwa wavivu zaidi. Sheria ya 2015 inamlazimu mwajiri wa mgeni kuandaa mpango madhubuti wa kuhamishia ujuzi kwa Mtanzania. Wengi huchukua mpango wa kampuni nyingine, wakabadilisha jina na tarehe. Maafisa wameshaiona nakala hiyo mara nyingi.

Mpango unaokubalika huwa na mambo haya. Jina la Mtanzania atakayerithi, namba yake ya NIDA, elimu yake na cheo chake cha sasa. Orodha ya ujuzi anaotakiwa kuupata, uliogawanywa vipande vinavyoweza kupimwa. Ratiba ya kila robo mwaka. Njia ya kufundishia: kufanya kazi bega kwa bega, kozi, safari ya mafunzo kwa mtengenezaji. Namna ya kupima, anayepima, na tarehe ya makabidhiano. Mwisho, sahihi za pande tatu: mwajiri, mgeni na mrithi.

Kwa fundi wetu wa chupa, robo ya kwanza inaweza kuwa kuwasha, kuzima na kubadilisha kalibu; ya pili, matengenezo ya kinga na mfumo wa hewa; ya tatu na ya nne, kusoma hitilafu za umeme na kurekebisha joto la malighafi; mwaka wa pili, programu ya mtambo na ukarabati mkubwa, kisha mrithi aendeshe zamu nzima mgeni akiwa pembeni. Mpango wa namna hiyo unasomeka, na mtu akija kukagua anaweza kumuuliza mrithi mwenyewe amefika wapi.

Makosa yanayojirudia ni manne. La kwanza ni kumtaja mrithi asiye na msingi wa elimu inayohusiana na kazi, kama vile karani kumrithi mhandisi. La pili ni Mtanzania mmoja kutajwa kuwarithi wageni watatu. La tatu ni kumtaja mtu ambaye hata hajui kwamba ametajwa. Afisa kazi akimuuliza kiwandani, ombi zima linapoteza uaminifu. La nne ni mrithi kuacha kazi na mwajiri kukaa kimya mpaka siku ya kuhuisha kibali. Mrithi akiondoka, teua mwingine ndani ya wiki chache, rekebisha ratiba, na mjulishe Kamishna kwa barua.

Tunza taarifa za mafunzo kila mwezi: tarehe, mada, saa, sahihi ya mwalimu na ya mwanafunzi. Bila hizo, kuhuisha kibali kunakuwa kuomba huruma.

Vyeti na bodi za taaluma

Vyeti vilivyo katika lugha nyingine vitafsiriwe kwa Kiingereza au Kiswahili na mfasiri anayetambulika, na nakala zithibitishwe na mwanasheria. Shahada ya nje hupelekwa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kwa ajili ya kutambuliwa; stashahada na vyeti vya ufundi huenda NACTVET, baraza la elimu na mafunzo ya ufundi. Anza hatua hii mapema kuliko zote, kwa sababu TCU inaweza kuhitaji uthibitisho kutoka chuo cha nje, na chuo hicho hakina haraka yako.

Fani zinazosimamiwa kisheria zinahitaji usajili au barua ya mamlaka husika. Mhandisi aende Bodi ya Usajili wa Wahandisi, daktari aende Baraza la Madaktari Tanganyika, muuguzi Baraza la Uuguzi na Ukunga, mfamasia Baraza la Famasi, mhasibu NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi. Mwalimu hupitia wizara inayohusika na elimu. Usimpe mtu cheo cha "mhandisi" kwenye mkataba kama kazi yake ni ya ufundi sanifu: neno hilo peke yake litamrusha Bodi ya Wahandisi.

Kuna mafundi hodari waliojifunza kazini bila cheti chochote. Hawa wana nafasi, ila ushahidi wao lazima uwe mzito: barua za waajiri waliopita zenye tarehe na majukumu, vyeti vya mafunzo kutoka kwa mtengenezaji wa mtambo, na wasifu usio na miaka iliyoachwa wazi.

Mkataba

Uwe wa maandishi, wa muda maalumu, na uanze kutumika pale tu vibali vyote viwili vitakapotoka. Sharti hilo lisipoandikwa, mgeni aliyenyimwa kibali anaweza kukudai mshahara wa kazi ambayo sheria ilimkataza kuifanya.

Mgeni analindwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, sawa na Mtanzania: saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki, likizo ya mwaka ya siku 28, cheti cha utumishi anapoondoka, na usafiri wa kumrudisha mahali alipoajiriwa mkataba unapokoma. Kama uliajiri Ankara au Pune, nauli ya kurudi huko iwekwe kwenye bajeti tangu sasa. Pasipoti yake akae nayo mwenyewe. Kumshikia pasipoti mfanyakazi ni dalili ya utumikishwaji, hata kama nia ilikuwa kuitunza kabatini.

Mshahara ulioandikwa uwe ndio unaolipwa. Wakati wa kuhuisha, takwimu za kodi ya mshahara kule TRA, michango ya NSSF na ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi hulinganishwa na mkataba. Anayeandika dola 4,000 kwenye mkataba ili mtaalamu aonekane mkubwa, kisha akakata kodi kwa mshahara wa dola 800, amejitengenezea ushahidi dhidi yake.

Kuwasilisha ombi

Mwajiri ndiye anayeomba kwa niaba ya mgeni, kupitia mfumo wa vibali wa mtandaoni. Andaa faili moja lenye: barua ya maombi, maelezo ya kazi, mkataba, wasifu, vyeti na tafsiri zake, barua ya bodi ya taaluma, nakala ya pasipoti yenye muda mrefu wa kuisha, picha, ushahidi wa tangazo na usaili, mpango wa kurithisha ujuzi, chati ya muundo, hati ya usajili wa kampuni kutoka BRELA, wakala wa usajili wa biashara, leseni ya biashara, cheti cha TIN na ushahidi wa kulipa kodi. Kampuni iliyosajiliwa kama mwekezaji iambatanishe cheti cha vivutio vya uwekezaji. Sheria ya Uwekezaji ya 1997 iliruhusu hadi wageni 5 wakati wa kuanzisha mradi. Ile ya 2022 ikapandisha hadi 10. Tangu 2025 kituo cha uwekezaji na EPZA, mamlaka ya maeneo ya uzalishaji kwa mauzo ya nje, vimeunganishwa kuwa mamlaka moja, TISEZA, kwa hiyo maswali ya idadi hiyo yapelekwe huko. Idadi hiyo haimwondolei mtu haja ya kibali.

Kabla ya kubofya, linganisha jina la mgeni herufi kwa herufi na pasipoti, na jina la kampuni na hati ya BRELA. Cheo kiwe kilekile kwenye barua, mkataba, chati na fomu. Haya yanaonekana madogo, lakini "Fundi Mkuu" kwenye mkataba na "Msimamizi wa Uzalishaji" kwenye fomu ni watu wawili machoni pa anayekagua, na ombi litarudishwa.

Lipa kwa kumbukumbu namba ya malipo ya serikali tu, ile inayotolewa na mfumo wenyewe. Kishoka anayetaka utume fedha kwenye simu yake, akidai ana mtu ndani, mara nyingi huleta kibali cha kughushi, na anayekamatwa nacho ni wewe na mfanyakazi wako. Ukitumia wakala au wakili, akaunti ya mfumo na nyaraka asilia zibaki kwako.

Ombi likikataliwa, soma sababu kwa makini. Pengo la nyaraka hurekebishwa na kuombwa upya. Usiporidhika na uamuzi wenyewe, sheria inatoa nafasi ya kukata rufaa kwa Waziri. Fanya hivyo mara moja, bila kusubiri, na mgeni asianze kazi katika kipindi hicho.

Kibali cha ukaazi

Kibali cha kazi kikishatoka, ombi la Uhamiaji huwa rahisi zaidi. Mwajiriwa huomba Daraja B la ukaazi. Angalia herufi hizi zisikuchanganye: fundi mwenye Daraja C la kazi atakuwa na Daraja B la ukaazi. Mwekezaji ana Daraja A kote kuwili. Ada ya Daraja B la ukaazi ni dola 2,050 kwa raia wasio wa Afrika Mashariki, ikijumuisha dola 50 za maombi. Kwa hiyo mwajiriwa mmoja wa Daraja C hugharimu karibu dola 3,050 za ada tu, bila wakili, tafsiri wala tiketi.

Mke, mume na watoto huombewa hati ya utegemezi. Hati hiyo haimruhusu mwenzi kufanya kazi. Akipata ajira, mwajiri wake anaanza safari hii yote upya.

Raia wa Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na wanachama wengine wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wananufaika na Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, ila kwa fani ambazo Tanzania ilizifungua kwenye jedwali lake. Kibali cha kazi bado kinahitajika. Waajiri wengi wa shule na hoteli hudhani Mkenya au Mganda anaweza kuanza kazi kwa kitambulisho cha kuvukia mpaka, na hao ndio hukutwa kwenye ukaguzi.

Zanzibar ina mamlaka yake ya kazi na Sheria ya Ajira Na. 11 ya 2005. Kibali cha kazi cha Bara hakimruhusu mpishi wa hoteli ya Arusha kuhamishiwa tawi la Nungwi. Omba kule.

Baada ya kupata vibali

Kibali cha kazi hutolewa kwa muda usiozidi miezi 24 na huhuishwa. Jumla ya muda wote, pamoja na kuhuisha, isizidi miaka 8. Kabla ya mabadiliko ya 2021 ilikuwa 5. Mwekezaji anaweza kupewa zaidi ya miaka 10 Kamishna akiridhika na mchango wa mradi.

Kibali kimefungwa kwa mwajiri aliyekiomba na kazi iliyoandikwa. Kampuni dada ni mwajiri mwingine, hata kama mmiliki ni mmoja na ofisi ziko jengo moja. Kumpandisha cheo mgeni kunahitaji kurudi kwa Kamishna. Akiacha kazi, andika kwa Kamishna na kwa Uhamiaji, urudishe vibali, na utunze nakala ya barua iliyopokelewa. Vinginevyo akikutwa anafanya kazi kwingine, mwajiri anayeonekana kwenye kumbukumbu bado ni wewe.

Weka nakala za vibali mahali pa kazi panapotajwa kwenye kibali, si makao makuu pekee. Afisa kazi na afisa uhamiaji huja bila taarifa, na "faili liko Dar" halimsaidii mgeni aliyeko mgodini Geita. Kwenye kalenda andika tarehe tatu za kila mgeni: mwisho wa kibali cha kazi, mwisho wa kibali cha ukaazi na mwisho wa pasipoti. Vibali viwili vilivyotolewa kwa wiki tofauti huweza kuisha kwa tarehe tofauti, na wengi hukumbuka mojawapo tu. Anza kuhuisha miezi mitatu kabla ya ile ya karibu zaidi, ukiwa na kibali cha zamani, ushahidi wa PAYE (kodi ya mshahara) na NSSF, na taarifa ya mafunzo ya mrithi, mwezi kwa mwezi.